Pumzisha Mkono

Katika maagizo yote ambayo mgonjwa hutoka nayo kwa daktari, hakuna linalotamkwa kirahisi kama hili: pumzisha mkono. Vidonge vya maumivu vinauzwa, dawa ya kuchua inauzwa, hata bandeji ya kiwiko siku hizi machinga anapita nayo begani. Mapumziko hayana duka. Fundi cherehani mwenye sare za kukabidhi kabla shule hazijafunguliwa, kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, mwanamke anayefua nguo za nyumba za watu, wote hulipokea agizo hilo kwa heshima, "Sawa, daktari," kisha hutoka nje wakijua kwamba halitafuatwa. Nadhani daktari naye anajua.

Agizo hili limenikaa kichwani tangu nilipoanza kusoma kuhusu tiba ya kubonyeza mafundo ya misuli, ile ambamo mtu mwenye maumivu ya kiwiko, kifundo cha mkono au vidole hutafutiwa kwa dole gumba sehemu ndogo ngumu ndani ya nyama, ikakandamizwa mpaka ilegee. Ni tiba ya bei nafuu, haihitaji mashine, na mtu anaweza kujifanyia mwenyewe. Ndiyo maana inastahili kutazamwa kwa makini, kwa yale inayoweza na kwa yale inayoyaacha bila kuyagusa.

Tuanze na mkono wenyewe. Shika kigasha chako cha kulia kwa mkono wa kushoto, karibu na kiwiko, upande wa juu wenye vinyweleo, kisha ukunje ngumi kwa nguvu. Utasikia nyama ya hapo ikivimba na kukakamaa. Misuli hiyo kazi yake ni kunyoosha vidole na kuinua kiganja, wala si kufumba ngumi. Lakini bila yenyewe kukishikilia kifundo kisikunjike, ngumi inakosa nguvu. Kwa hiyo kila tunaposhika kitu, kiwe mwiko, mkasi, nyundo au ndoo ya maji, misuli ya pande zote mbili za kigasha inatumika, na ule upande wa juu, ambao hakuna anayeufikiria, ndio unaochoka kimyakimya. Hapo ndipo penye ugonjwa ambao madaktari huuita kiwiko cha tenisi, ingawa wengi wanaoupata hawajawahi kushika raketi maishani.

Vidole navyo haviendeshwi kutoka kwenye vidole. Misuli mikubwa ya kuvikunja na kuvinyoosha iko kwenye kigasha, na huvivuta kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo, kama waya wa breki ya baiskeli: unaminya huku, gurudumu linasimama kule. Ukilielewa hilo, halitakushangaza tena jambo linalowashangaza wagonjwa wengi, kwamba anayelalamikia kidole anaweza kushikwa karibu na kiwiko akaruka na kusema, "Hapo hapo!"

Maumivu hayana adabu ya kukaa nyumbani kwake. Mwaka 1938 daktari Jonas Kellgren, huko London, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo leo lingepita kwa shida mbele ya kamati ya maadili. Alichoma sindano za maji ya chumvi nyingi kwenye misuli, yake mwenyewe na ya watu waliojitolea, akawauliza wanaumwa wapi. Mara nyingi walionyesha mahali palipo mbali na sindano. Miaka kadhaa baadaye Janet Travell, daktari wa New York aliyekuwa akitibu wagonjwa wa moyo, alianza kuchora ramani za safari hizo za maumivu. Yeye na mwenzake David Simons walichapisha juzuu ya kwanza ya kitabu chao kikubwa mwaka 1983 na ya pili mwaka 1992. Katika ramani zao, misuli ya ubavuni mwa shingo hupeleka maumivu hadi kwenye gumba na kidole cha shahada. Msuli uliojificha kati ya bapa la bega na mbavu huyapeleka kwenye kifundo, yakakizunguka kama bangili. (Simons huyu, kabla ya kuingia katika mambo ya misuli, alikuwa daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, na mwaka 1957 alipanda kwa puto hadi zaidi ya kilomita 30 juu ya ardhi. Hili halina uhusiano na viwiko. Nalitaja kwa sababu napenda kumfikiria mtu aliyeiona dunia kutoka huko akatumia miaka yake iliyobaki kupapasa vivimbe vidogo ndani ya nyama za watu.) Aliyeitoa elimu hiyo kwa madaktari na kuileta kwa watu wa kawaida alikuwa Clair Davies, fundi wa piano wa Marekani. Bega lilimsumbua, akavisoma vitabu vile vizito peke yake, akajitibu, kisha mwaka 2001 akatoa kitabu cha kufundisha wengine kujitibu.

Huku kwetu uchuaji haukuwasubiri hao wote. Karibu kila mtaa wa pwani una bibi au mzee anayejulikana kwa mkono wake. Nilimsindikiza jirani yangu kwa bibi mmoja wa namna hiyo. Jirani ni mama wa makamo anayeuza chapati na chai barazani kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mkono upi?"

"Huu wa kulia. Kiwiko kinawaka moto. Hata birika la chai silinyanyui tena."

Bibi hakukigusa kiwiko. Alipaka mafuta ya nazi viganjani, akayasugua mpaka yakapata joto, akaanzia kwenye kifundo kwenda juu taratibu kwa gumba, kama anayesoma maandishi gizani. Upana wa vidole vitatu hivi kabla ya kufika kwenye kiwiko gumba likasimama. Jirani akauvuta mkono na kusema neno ambalo hapa si mahali pake. Bibi akaurudisha mkono mapajani mwake, akakandamiza palepale, bila haraka, akamwambia apumue. Nyama ilikuwa imejikaza kama uzi chini ya ngozi. Alipoachia, akarudia tena, vipindi vifupivifupi, huku akiuliza.

"Unafanya kazi gani?"

"Nauza chapati, bibi."

"Unga kiasi gani?"

"Kilo sita kwa siku. Jumamosi hufika nane."

"Unakanda mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na kusukuma?"

"Mwenyewe."

"Nani anakusaidia?"

Hapo jirani alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeulizwa kama ana gari.

Anayekanda kilo sita za unga kwa mkono husukuma kwa kiganja uzito wa mwili mzima, tena na tena, mpaka donge liwe laini. Kisha analikata madonge, anapaka mafuta, anaviringisha, anarudi na kusukuma tena, chapati moja baada ya nyingine. Vidole vimelishika gongo la kusukumia muda wote, na misuli ile ya juu ya kigasha haipati nafasi ya kulegea. Nimemtazama akifanya hivyo kabla ya jua kutoka. Anapochoka hainui mikono. Anaegemea meza kwa kiuno na kuendelea.

Mbinu yenyewe si siri. Ukijifanyia nyumbani, unatafuta kwa gumba la mkono wa pili pale panapouma zaidi kwenye nyama, si kwenye mfupa wa kiwiko, unakandamiza kwa nguvu inayovumilika, unasukuma polepole kuelekea upande mmoja, unaachia, unarudia mara chache, kisha unauacha mkono. Wapo wanaoweka mpira wa tenisi ukutani na kuuegemeza mkono juu yake ili wasilichoshe gumba, kwa maana gumba la mkandaji nalo huugua. Upande wa ndani wa kiwiko, pale unapojigonga ukasikia umeme hadi kidole kidogo, hapabonyezwi. Panapita neva karibu kabisa na ngozi. Na si kila mkono ni wa kuchuliwa. Uliovimba na kuwa wa moto, uliopata ajali, wenye ganzi inayomwamsha mtu usiku au nyama ya gumba inayosinyaa, huo ni wa hospitali. Mkono wa kushoto unaouma pamoja na kifua kubana ni wa hospitali sasa hivi. Nimeshasikia habari za mifupa iliyovunjika iliyochuliwa kwa imani nzuri, na sitaki kuusifu uchuaji kiasi cha kusahau hizo.

Je, mafundo hayo yapo kweli? Travell na Simons waliamini kwamba pale neva inapokutana na msuli kuna amri ya kukaza isiyokoma, nyuzi zikajikunja, damu ikapita kwa shida, na uchungu ukajilimbikiza. Ni maelezo yanayovutia, lakini hayajathibitishwa kwa namna ya kumnyamazisha mbishi. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti ambamo wabobezi wa jambo hili walipewa watu wa kuwapima bila kuambiwa nani anaumwa nini, na hawakukubaliana mafundo yako wapi. Huko Australia madaktari John Quintner na Milton Cohen wameipinga nadharia nzima kwa miaka mingi, wakidai kwamba huenda kinachouma ni neva au namna ubongo unavyozisoma habari za mwili, na msuli unasingiziwa. Mimi huona kwamba wapinzani wana hoja juu ya nadharia, na wagonjwa wana hoja juu ya nafuu. Mkono uliokandwa vizuri hulegea, angalau kwa siku hiyo. Mganga anayekubali kusema "hii inakusaidia, lakini sababu yake bado inabishaniwa" ananipa imani kuliko yule mwenye chati ya rangi ukutani na jibu la kila kitu.

Kuna jambo moja katika elimu ya viwiko ambalo linapaswa kujulikana zaidi. Sindano ya dawa za jamii ya kotizoni inayochomwa kwenye kiwiko hutuliza haraka, ndani ya wiki chache, na mgonjwa huondoka akiisifu. Tafiti za Australia zilizowafuatilia wagonjwa kwa mwaka mzima ziligundua kwamba waliochomwa walirudiwa na maumivu zaidi kuliko walioachwa wapone polepole. Kiwiko cha tenisi, kwa wengi, hupona chenyewe katika mwaka mmoja hivi. Kinachotakiwa ni muda na kupunguza mzigo. Tunarudi palepale tulipoanzia: pumzisha mkono. Agizo ni sahihi. Shida yake ni kwamba halisemi nani atafanya kazi wakati mkono huo umepumzika.

Travell mwenyewe hakuishia kwenye kubonyeza. Aliamini kwamba fundo hurudi usipoondoa kinacholilisha, akawa anachunguza viti vya wagonjwa wake, viatu vyao na namna wanavyokaa mezani. Mgonjwa wake mashuhuri alikuwa John F. Kennedy, mwenye mgongo ulioharibika, na Kennedy alipoingia Ikulu ya Marekani mwaka 1961 Travell akawa daktari wake, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kiti cha kubembea alichompendekezea kikajulikana dunia nzima. Sina kinyongo na kiti cha Kennedy. Ndivyo tiba inavyotakiwa kuwa: mgonjwa abonyezwe, na dunia inayomzunguka irekebishwe imfae. Ila kwa rais dunia husogea. Meza ya jirani yangu iko chini mno, inamlazimisha kuinama na kusukuma kwa mkono badala ya mwili, na imebaki hivyo kwa sababu ndiyo meza pekee ndani ya nyumba, watoto huandikia hapohapo jioni.

Karibu karne tatu kabla ya kitabu cha Travell, daktari Bernardino Ramazzini wa Modena, Italia, alitoa kitabu cha magonjwa ya wafanyakazi. Ilikuwa mwaka 1700. Aliwataka madaktari wenzake waongeze swali moja kwenye yale waliyorithi kwa Hippocrates: unafanya kazi gani? Ndilo swali la bibi wa mafuta ya nazi. Katika toleo la 1713 aliongeza habari za makarani, akaeleza kwamba huumizwa na kukaa muda mrefu, na kurudia mwendo uleule wa mkono, na wasiwasi wa kutokosea hesabu. Akamtaja mwandishi mmoja wa hati aliyemfahamu, mtu aliyejipatia fedha nyingi kwa kalamu. Mkono wa kulia ulianza kuchoka, dawa zikashindwa, mwisho ukapooza. Akajifundisha kuandika kwa kushoto. Muda si mrefu, wa kushoto nao ukaugua vilevile.

Mimi namwona huyo karani katika nyumba nyingi, tofauti ni kwamba mkono wa pili mara nyingi si wa mwenye mwili. Mfanyakazi wa ofisini kifundo kinamuuma kwa kompyuta na simu, anaambiwa aache kazi nzito za mikono kwa wiki kadhaa, na anaacha kweli. Nguo hazikukaa chafu, wala unga haukujikanda. Dada wa kazi ameongezewa. Dada huyo, ambaye pengine ana umri wa kuwa shuleni, anakamua mashuka kwa mikono miwili akiyasokota pande mbili tofauti, kazi ambayo kwa kiwiko ni mbaya kuliko tenisi yoyote. Akisema mkono unamuuma ataambiwa ni mvivu. Kwa fundi cherehani anayelazwa chini na gumba, mkasi unahamia kwa mwanafunzi wake. Kwa hiyo tunapouhesabu mkono uliopona, ingefaa tuulize ulikoelekezwa mzigo wake.

Sisemi kwamba mzigo usihame. Lazima uhame, na wazee wetu walikuwa na utaratibu wa kuuhamisha bila kumwonea mtu. Mtazame mama aliyejifungua. Ugonjwa wa kano za upande wa gumba, ule ambao daktari wa Uswisi Fritz de Quervain aliueleza mwaka 1895, huwashambulia sana wenye watoto wachanga, kwa sababu ya kumnyanyua mtoto mara nyingi kwa siku, gumba limepanuka na kifundo kimepinda. Kwa utaratibu wa arobaini, mama huyo hafui, hapiki, hachoti maji. Mama yake, shangazi, wifi, jirani, wanaingia kwa zamu, wanamkanda kwa maji ya moto, na mtoto anashikwa na mikono mingi. Hakuna aliyeiita hiyo tiba ya kifundo. Leo mzazi wa chumba kimoja cha kupanga yuko peke yake na mtoto kuanzia mume anapotoka hadi anaporudi; mama yake yuko Songea au Bukoba, anapiga simu. Kifundo kinavimba, anapaka dawa ya kuchua. Watu huandika sana kwamba mila zimepotea, nami sioni kama huyo dada ameacha mila yoyote. Nauli ndiyo haipo, na mama huko kijijini ana shamba lisilosubiri.

Kile ambacho zamani kilikaa kwa ndugu, serikali za kisasa zimejaribu kukiweka kwenye sheria. Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015: mwajiri anachangia, na mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi anastahili fidia. Ni jambo jema, na karani wa Ramazzini angelishukuru. Muuza chapati hana mwajiri. Yeye ndiye mwajiri, ndiye mfanyakazi, na akijipa likizo ya ugonjwa anajifukuza kazi.

Subira tunayomsifia ndiyo inayotusaidia tusiangalie. "Mama yule ni mpambanaji," tunasema, tukilipa shilingi mia tatu na kuondoka na chapati ya moto. Tunasema mchumia juani hulia kivulini, ila hatusemi kivuli hicho kinafika lini kwa mtu ambaye mapato ya leo ndiyo unga wa kesho.

Bibi alimkanda jirani kwa awamu kadhaa, wala hakutaka kulipwa zaidi ya sabuni na sukari. Maumivu yalipungua, yakarudi, yakapungua. Kila mara alimaliza na swali lilelile, nani anakusaidia, mpaka jirani akaona afadhali apate jibu kuliko kuulizwa tena. Akamchukua binti wa dada yake aliyemaliza kidato cha nne, wakakubaliana ujira, binti anakanda, yeye anasukuma na kuchoma. Ili ujira huo upatikane ilibidi chapati ya mia tatu iwe mia nne. Vijana wa bodaboda wa kijiweni, ambao asubuhi hukunjua vifundo vyao vilivyokufa ganzi kwa kushika mpini wa mafuta wa pikipiki usiku kucha, walilalamika sana. Baadhi yao wamevuka barabara. Upande wa pili kuna mama mwingine, anauza mia tatu, na anakanda mwenyewe.